Pua Yake Iko Wapi? Gari, Pumzi na Hila katika Historia ya Safari Rally

Baba yangu mdogo alikuwa fundi magari Arusha kwa zaidi ya miaka 30, na ukimpelekea gari unalotaka kununua alikuwa na swali moja kabla ya yote. Haulizi limetembea kilomita ngapi. Haulizi bei. Anafungua boneti, anashika kiuno, anatazama kimya kwa dakika nzima, kisha anauliza: "Pua yake iko wapi?"

Alimaanisha lile tundu ambalo injini inavutia hewa. Nilikuwa nikidhani ni mbwembwe za fundi mzee. Nilikuja kumwelewa nikiwa na miaka 27, masika, Dar es Salaam, maji yamenifika magotini pale Jangwani na gari langu limezima katikati ya barabara.

Kisa chenyewe ni kifupi na cha aibu. Lilikuwa gari langu la kwanza, dogo, mtumba kutoka Japani. Kijana mmoja wa gereji alinishawishi niling'oe boksi la chujio la hewa lililotoka nalo kiwandani, niweke filta ya koni, ile nyekundu iliyo wazi, na bomba lake tulishushe chini nyuma ya bampa "livute hewa ya baridi". Akaniambia litapumua, litanguruma. Kweli likanguruma. Nilijiona bingwa wa dunia kila nilipotoka kwenye taa za Magomeni. Miezi minne baadaye nikaingia kwenye dimbwi ambalo daladala iliyokuwa mbele yangu ilipita bila wasiwasi. Injini ikavuta maji badala ya hewa. Konrodi mbili zilipinda, na injini nyingine ilinigharimu karibu mshahara wa nusu mwaka. Nilipompigia simu Baba mdogo hakunicheka. Aliuliza lile lile: "Pua yake mliiweka wapi, mwanangu?"

Tangu siku hiyo kila gari naliangalia puani kwanza. Na kwa kuwa kazi yangu ni kusoma na kuandika, nikaanza kusoma historia ya mashindano ya Safari Rally kwa jicho hilo. Historia hiyo huandikwa kwa majina ya madereva na majina ya magari. Mimi naomba niisimulie kupitia tundu la hewa, maana nadhani linaeleza mambo ambayo orodha ya washindi haiyaelezi.

Tuanze na hesabu kidogo, msinikimbie. Injini ya petroli haiishi kwa petroli peke yake. Kila kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukigeuza kwa ujazo, lita 1 ya petroli inakula kama lita 9,000 za hewa. Yaani ukijaza lita 40 Chalinze, hadi tangi linapokauka injini imevuta kama lita 360,000 za hewa ya barabarani, pamoja na vumbi lake, wadudu wake na moshi wa lori lililo mbele yako. Petroli umeilipia, hewa ni ya bure, ndiyo maana hakuna anayeifikiria.

Hewa hiyo injini inaitaka iwe nyingi, iwe ya baridi, iwe safi na iwe kavu. Ya baridi kwa sababu hewa ikipoa inajibana, kwa hiyo katika ujazo ule ule inaingia nyingi zaidi. Kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka zinakunyang'anya karibu asilimia 1. Shida ni kwamba mahitaji haya hayapatani. Ukiiweka pua mbele na chini, unapata hewa ya baridi, lakini siku ya mvua unakunywa maji. Ukilegeza chujio, hewa inaingia kwa wingi, lakini na vumbi linaingia, na vumbi ndani ya silinda ni kama msasa. Ukiiacha ndani ya boneti, ni kavu, lakini inavuta joto la injini yenyewe. Kwa hiyo mhandisi anapoamua pua ikae wapi, ameshaamua gari litapita njia gani. Wahandisi wengi walioamua jambo hilo hawakuwa na barabara ya Kondoa kichwani.

Sasa turudi mwaka 1953. Mashindano yalianza kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni vizuri tukumbuke wakati wenyewe. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na huu ulikuwa mchezo wa walowezi wenye magari, wakishangilia taji la London katika nchi ambazo wenyeji wake wengi hawakuwa na baiskeli. Katika masimulizi mengi ya miaka ile Mwafrika anatokea mara moja tu, pale gari linapokuwa limenasa kwenye tope na linahitaji kusukumwa. Historia hii naipenda, lakini siwezi kuipenda huku nimefumba macho.

Sheria ya mwanzo ilitaka magari yawe kama yalivyotoka dukani, yakigawanywa kwa madaraja ya bei. Hapakuwa na ruhusa ya kuyapamba. Kwa hiyo Safari ikawa mtihani wa wazi: gari lililobuniwa kwa ajili ya lami ya Ulaya linaletwa huku kama lilivyo, linaambiwa pumua. Mengi hayakuweza. Mwaka ule wa kwanza hakukuwa na mshindi rasmi wa jumla, ila waliofanya vizuri kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen ndani ya Volkswagen Beetle. Mwaka uliofuata Beetle ikashinda, na kabla ya miaka kumi kwisha ilikuwa imeshinda tena.

Ukilifikiria, ni ajabu. Injini ya Beetle iko nyuma, na pua yake iko huko huko nyuma, mahali ambapo gari linatimua vumbi lake lenyewe. Ilitakiwa ife mapema. Iliyoiokoa, kwa sehemu kubwa, ni aina ya chujio ambalo vijana wa leo hawalijui. Lilikuwa bakuli la chuma lenye mafuta ya injini chini yake. Hewa inaingia kwa kasi, inageuzwa ghafla juu ya mafuta, vumbi kwa kuwa ni zito linashindwa kugeuka, linazama na kunasa. Hakuna karatasi ya kuziba, hakuna kitu cha kununua. Jioni unamwaga matope ya mafuta, unaosha bakuli kwa petroli, unatia mafuta mapya, kesho unaondoka. Land Rover za zamani zilipumua hivyo hivyo. Baba mdogo alianza ufundi kwa kuosha mabakuli hayo. Alisema ulikuwa unaweza kujua gari limetoka wapi kwa rangi ya tope: jekundu la Karatu, jeusi la mbugani, la kijivu kutoka upande wa Ziwa Natron.

Baada ya Beetle ikaja zamu ya Peugeot, ambayo huku tukaiita Pijo na hatukuomba radhi kwa mtu. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na gari lilikuwa Peugeot 404 mara zote mbili. Fikiria magari 86 yamebaki njiani mwaka mmoja: mengine kwa springi zilizovunjika, mengine kwa mito iliyofurika, mengine kwa injini zilizokunywa kile zisichotakiwa kunywa.

Na kati ya miaka hiyo kuna 1965, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko yote. Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho na kukulia kwenye ufundi wa magari, alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari la mkono wa pili. Walioleta magari mapya wakafika nyuma yake. Watu walimwita Simba wa Kenya. Alishinda tena 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer. Baba mdogo alikuwa akimtaja Joginder kama watu wengine wanavyowataja wanamuziki. Kwa maoni yake dereva ambaye hawezi kufungua kabureta lake mwenyewe ni abiria aliyekaa upande wa usukani.

Kuna adui mwingine wa pumzi ambaye haonekani, naye ni mwinuko. Safari ilikuwa inaweza kuanzia joto la pwani na kupanda hadi kwenye baridi ya Mau. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini ya kawaida inapoteza nguvu zake kwa kiasi hicho hicho, maana inavuta ujazo ule ule wa hewa iliyo haba. Tena kabureta lililopimwa pwani linaendelea kumwaga petroli ya pwani, gari linaanza kutoa moshi mweusi na kukohoa kama mzee wa sigara. Mafundi walikuwa wakibadilisha jeti za kabureta kwa mkono.

Dawa ya kweli ilikuwa tabo. Tabo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka, nyingine inatumia mzunguko huo kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Injini haisubiri tena hewa ije yenyewe, inalishwa. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa ameshinda Safari mara tano hadi 1982 kwa magari ya Datsun yasiyo na tabo, na mwaka 1983 Ari Vatanen akashinda kwa Opel Ascona 400, nayo haina. Mwaka 1984 ikaja Toyota Celica Twincam Turbo, na kwa miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, hakuna aliyeigusa: Björn Waldegård, Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Gari la kusukuma magurudumu mawili tu, wakati Ulaya timu kubwa zilikuwa zinahamia kwenye magurudumu manne. Lakini lilipumua vizuri na halikuvunjika. Hapo ndipo Baba mdogo alipoiacha Pijo na kuhamia Toyota, na kwake kuhama chapa hakukuwa jambo dogo. Alisema alijisikia kama amebadilisha timu kati ya Simba na Yanga.

Tabo ina kiu kuliko injini ya kawaida, na feni yake inazunguka kwa kasi ya kutisha. Punje ya mchanga ikiipiga, imekwisha. Ndipo pua zikaanza kupanda. Magari ya Safari yakaota bomba kando ya kioo cha mbele, likipanda hadi usawa wa paa, kama mkonga wa tembo anayevuka mto. Watu wanaliita snokeli.

Neno lenyewe lina safari yake. Wanajeshi wa majini wa Uholanzi ndio waliotangulia kuwekea nyambizi bomba la kuvutia hewa zikiwa chini ya maji, mwishoni mwa miaka ya 1930. Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwaka 1940 wakazikuta, na baadaye wakafunga mabomba hayo kwenye nyambizi zao. Wakayaita Schnorchel, neno la mitaani la pua, lenye undugu na neno lao la kukoroma. Kwa hiyo Baba mdogo alipokuwa anauliza pua iko wapi, bila kujua alikuwa anatumia neno lile lile la mabaharia wa Kijerumani. Na hisani ikarudi: leo kuna chapa kubwa ya snokeli kutoka Australia inayoitwa Safari. Pua wametupa wao, jina wamechukua kwetu.

Kilele kilikuwa 1993. Toyota Celica zilimaliza Safari zikiwa za kwanza, za pili, za tatu na za nne: Kankkunen, Markku Alén, Mkenya Ian Duncan na Mjapani Yasuhiro Iwase. Mwaka uliofuata Duncan akashinda mwenyewe. Baba mdogo alipata bango la Celica ya 1993, sijui kwa nani, akalibandika ukutani juu ya benchi la kazi. Mteja akilalamikia bei ya vipuri vya Toyota, alionyeshwa lile bango kama mtu anavyoonyeshwa risiti.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo sikuijua mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1986 ulikuwa wa misiba katika rali za dunia. Ureno gari liliwaparamia watazamaji, na Corsica dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walifia ndani ya gari. Yale magari yenye nguvu za kupindukia yakapigwa marufuku. Lakini nguvu ni kama maji, inatafuta ufa, na magari yaliyofuata nayo yakaanza kupanda. Wasimamizi wakagundua kwamba njia rahisi ya kuibana injini ni kuibana pumzi. Wakaagiza kila gari la tabo lifungwe restrikta, yaani pete ya chuma yenye tundu la kipimo, mbele ya tabo, na hewa yote ipite hapo. Tundu dogo, hewa chache, nguvu chache. Mwaka 1995 tundu hilo likapunguzwa kutoka milimita 38 hadi milimita 34. Madereva wakalalamika kwamba magari yamekuwa mazito. Celica mpya ya Toyota ilionekana kuumia kuliko nyingine.

Mwishoni mwa Oktoba 1995, kwenye rali ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi walifungua tabo ya Celica na kukuta jambo. Nitajaribu kulieleza kama nilivyolielewa. Sheria ilitaka pete ile isiwe mbali zaidi ya milimita 50 kutoka kwenye mapanga ya tabo. Toyota waliitengeneza pete ikiwa na springi za siri ndani. Hosi ya hewa ilipofungwa kwa klipu yake maalumu, mkazo wa kufunga uliisogeza pete kama milimita 5, na kando yake ikafunguka njia ambayo hewa ilipita bila kubanwa. Ukitaka kukagua, lazima ufungue hosi kwanza. Ukiifungua, springi zinairudisha pete mahali pake, njia inajifunga, na unachokiona ni pete halali kabisa. Gari lilikuwa linadanganya pale tu usipolitazama.

Shirikisho la kimataifa lilisema hewa ya ziada ingeweza kufika asilimia 25. Rais wake, Max Mosley, alieleza kwamba katika miaka yake 30 ya mchezo huu hakuwahi kuona kifaa cha werevu kama kile. Mwezi Novemba timu ilifungiwa miezi 12 na pointi zake, na za madereva wake, zikafutwa. Kankkunen, aliyekuwa akiwania ubingwa, akaondoka mikono mitupu. Ubingwa ukaenda kwa Colin McRae wa Subaru.

Mkuu wa timu hiyo ya Toyota alikuwa Ove Andersson wa Sweden. Jina hili lilinishtua. Andersson ndiye aliyeshinda Safari mwaka 1975, na gari alilolitumia lilikuwa Peugeot 504, Pijo ile ile ambayo Baba mdogo aliipenda kabla ya Toyota. Mtu mmoja amesimama kwenye milango yote miwili ya mapenzi yake.

Nilimpelekea habari hiyo nikiwa likizo Arusha. Nilidhani nampelekea hadithi ya kuchekesha, ya werevu. Aliniomba nichore. Nikachora nyuma ya boksi la filta, yeye akifuata kwa kidole chenye grisi: hapa hosi, hapa klipu, hapa springi. Aliielewa kabla sijamaliza.

"Aliyebuni hii ni fundi," akasema. Akanyamaza. "Fundi kweli kweli. Tena mwizi."

Kisha akatazama ukutani. "Na ile ya 93?"

Nikamwambia ile ni Celica nyingine, ya toleo la nyuma, na kesi ilihusu gari la 1995. Hakuna aliyeonyesha kwamba walidanganya 1993.

"Hakuna aliyeonyesha," akarudia. "Na hii nayo hakuna aliyeiona mpaka walipofungua. Sasa mimi nitajuaje?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ubaya wa udanganyifu wa namna ile hauishii siku uliyogunduliwa. Unarudi nyuma. Unaingia kwenye ushindi ambao pengine ulikuwa wa haki kabisa na kuuachia doa, na mshindi wa haki hana namna ya kujitetea, kwa sababu ushahidi wa uadilifu wake ni ule ule: kilipofunguliwa, kilionekana halali. Baba mdogo hakulibandua bango. Lakini sikumwona tena akimwonyesha mteja.

Toyota walirudi mwaka 1997 na Corolla, wakashinda ubingwa wa watengenezaji mwaka 1999. Andersson akaiongoza timu yao hadi kwenye Formula 1. Alifariki Juni 2008 huko Afrika Kusini, akishiriki rali ya magari ya kale. Alikuwa anaendesha Volvo PV444, ndugu wa karibu wa ile Volvo ya Joginder. Nikiwaza mwisho huo, mzee akiwa ndani ya gari la zamani lenye pua ya kawaida, hasira yangu inapungua kidogo. Simsamehe, maana si mimi niliyekosewa. Nasema tu kwamba aliyapenda magari mpaka mwisho.

Mitaani kwetu leo historia hii yote imegeuka urembo. Kuna kijana anayeapa kwamba lile tundu la juu ya boneti ya Subaru ndiyo pua ya injini. Siyo. Hewa ya tundu lile haiingii kwenye silinda hata kidogo. Inapuliza kipoza hewa kilicho chini yake, kinachoipoza hewa iliyotoka moto kwenye tabo. Ule mngurumo unaopendwa Nairobi na Dar nao unatokea ekzosi. Kuna Prado zenye snokeli ambazo hazijawahi kuvuka hata mfereji, na baya zaidi, kuna snokeli zilizofungwa nje kwa skrubu bila kuunganishwa vizuri na boksi la chujio. Mwenye gari anaona mkonga, anaingia mtoni kwa kujiamini, kumbe injini bado inavuta hewa pale chini ilipokuwa ikivuta zamani. Kila nikiiona hiyo nakumbuka pete ya Toyota. Ile ilifanya kazi na ikajifanya haifanyi. Hii haifanyi kazi na inajifanya inafanya.

Lakini kuna Land Cruiser za hospitali na za wagavi wa chanjo, zile nyeupe zenye injini ya dizeli isiyo na tabo, ambazo snokeli yake imepauka kwa jua na kukwaruzwa na miiba. Hizo ndizo ninazozipenda kuliko gari lolote la mashindano. Hazina kasi. Kwa dereva wa gari kama hilo, akiwa na mama mjamzito nyuma na mto mbele, swali la pua iko wapi si la mbwembwe.

Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia, safari hii Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002. Tuliitazama pamoja kwenye simu yangu, Baba mdogo akiwa ameshastaafu na ameweka miwani puani. Magari yalipita kwenye vumbi laini kama unga wa ngano, linalomwagika kama maji. Toyota wakashinda. Alifurahi, nilimwona, ingawa alijifanya anakohoa. Mwaka 2024, mashindano yalipohamishiwa Pasaka, majira ya mvua, mikonga ikarudi kando ya vioo vya magari ya kiwanda. Nikampigia simu kumwambia. Akasema, "Wamechelewa kukumbuka."

Mwezi uliopita nilikwenda kununua gari jingine. Muuzaji akaanza na kilomita, akafuata na redio, akamalizia na kamera ya nyuma. Nikamwomba afungue boneti. Nikashika kiuno. Alidhani natania nilipomuuliza, kwa hiyo nikainama, nikalifuata bomba mwenyewe kwa mkono, kutoka kwenye boksi la chujio, kupita nyuma ya taa, mpaka nilipoupata mwanzo wake.